Gari Lililowashwa kwa Betri Zilizokufa

Mwaka wa Maji Maji nilikuwa mtoto wa kuota meno ya pili. Bibi yangu, mama wa mama, alitukimbiza vichakani upande wa Mnyambe, na vichaka vyetu vya Makonde anayevijua anavijua, hata mbwa hufikiri kwanza ndipo akaingia. Bibi alikuwa na kuku mmoja jike ambaye hakutaka kumwacha nyuma. Sasa kuku akitaga lazima apige kelele, na kelele zile zingetuua. Basi bibi akafungua bangili yake, ule waya wa shaba unaozungushwa mkononi, akakata kipande kwa jiwe, akamfunga kuku mdomo. Tulikaa humo siku nane. Watu tulikohoa, kuku hakulia. Alikuwa akila vipi sikumbuki, nadhani bibi alimfungua fungua. Tulipotoka alichinjwa, nami nikalia sana. Sikumlilia kuku, nililia nipewe ule waya. Nikapewa, nikauvaa mguuni mpaka ukanibana.

Najua nimeanza mbali. Shule nilikwenda majira mawili tu, sikufundishwa mahali pa kuanzia. Nilitaka mjue kwamba kwetu waya ulikuwa pambo, hauna kazi nyingine. Nimekua na akili hiyo, nimeoa nayo, na mke wangu wa kwanza, yule aliyekuwa akicheka hata jino likimuuma, nilimpelekea waya wa mikono yote miwili, akazunguka nao kijiji kizima akijifanya anatafuta moto wa kupikia.

Halafu vita vya Wazungu vikatufikia. Mjerumani alikuwa akirudi nyuma, kutoka Masasi kwenda Newala, Mwingereza yuko mgongoni mwake. Mimi nilikamatwa shambani, jembe mkononi, nikatiwa katika wapagazi. Tulikuwa thelathini, chini ya mzungu mmoja mwembamba mwenye homa, aliyesema Kiswahili kizuri kuliko mimi. Nyumbani nilimwacha mke wangu yule na mimba ya miezi minane. Na kitu tulichokiogopa kuliko risasi kilikuwa mto Ruvuma. Ilisemwa kwamba jeshi litavuka liingie kwa Mreno, na wapagazi wavushwe na mizigo yao. Sasa huko kwa Mreno nani atakuambia basi, rudi kwenu?

Tulikuwa na gari moja dogo, ambalo Wajerumani waliwanyang'anya Waingereza. Mbele viti viwili, nyuma sanduku la mbao la kuwekea mizigo. Lilikuwa limeanguka katika mto mmoja njiani, likatolewa, na tangu hapo halikuwaka. Tulilivuta kwa kamba mpaka chini ya ule mlima wa kupandia Newala. Pale mzungu akachoka. Akasema kesho jua likifika utosini kabla gari halijawaka, atalichoma moto, mizigo yake tutagawana vichwani, na wote tutaendelea nayo hadi ng'ambo ya Ruvuma. Likiwaka, likifikisha mizigo Newala, watu wa Masasi na Newala waende makwao.

Hapo akasimama fundi wa waya. Huyu alikuwa mtu wa pwani, mfupi, aliyekuwa akitandika waya za simu za askari, na sasa hazikuwepo tena waya za kutandika. Akasema, "Bwana, gari hili si bovu. Limekosa umeme tu. Umeme wake unatoka kwenye sumaku zilizo ndani ya injini, na hizo maji yameziharibu. Nipe zile betri za simu."

Mzungu akasema, "Zimekufa hizo. Tumezitupa."

"Mmezitupa wapi?"

Tukazifuata walikozitupa. Kumi na mbili. Kila moja kama kikopo cha bati, katikati kijiti cheusi, ndani unga mweusi uliokauka kama masizi. Fundi akazitoboa kwa msumari. Akasema zinataka maji ya chumvi. Maji yalikuwepo, kijito kilikuwa hapo hapo. Chumvi ndiyo iliyokuwa haionekani. Mwaka ule tulikula mboga kama wagonjwa. Fundi akakaa akatutazama mmoja mmoja, kisha akaomba chungu.

"Kojoeni humu."

Tukadhani ni matusi. Akasema mkojo una chumvi yake, na betri haina pua. Basi tukapanga mstari, watu wazima wenye ndevu. Nisiseme uongo, wengine walishindwa kwa kuona haya. Kulikuwa na Myao mmoja wa Masasi, mtu wa sala tano, mtani wangu. Akakataa kabisa.

"Hilo litakuwa gari la najisi," akasema. "Sipandi."

Nikamwambia, "Nani kakwambia utapanda, mtani? Wewe ni wa kusukuma."

Fundi akajaza betri zote kwa kuchuruzisha pole pole, akaziacha zinywe, akaziba matundu kwa nta. Asubuhi akazipanga katika sanduku tupu la risasi, akaliweka sakafuni mbele ya kiti na kulifunga kwa kamba za magome. Akachukua waya wa simu, akaunga bati la hii na kijiti cha ile, bati na kijiti, mpaka mwisho. Ncha mbili zikabaki. Mbele ya gari palikuwa na visanduku vinne vya mbao, ndivyo vya kutoa cheche za kuwasha injini. Akaniita mimi, sijui kwa nini mimi, akaniambia nishike waya mmoja mwembamba uliotoka kwenye kisanduku cha kwanza. Akazigusisha zile ncha mbili za betri kwenye kisanduku.

Kile kisanduku kikalia kama nyuki. Mkono wangu ukaruka peke yake, nami nikaufuata, nikakaa chini. Fundi akauchukua ule waya, akausogeza karibu na chuma bila kugusa, na katikati, penye hewa tupu, kikapita kimoto cha rangi ya samawati. Kikapita tena. Hakuna kuni, hakuna moshi. Nilikaa pale chini nikikitazama na sikuweza kufunga mdomo. Mikojo yetu ile. Nimeshaona mengi tangu siku hiyo, nimeona ndege ya kubeba watu, lakini mwili haujanisisimka tena namna ile.

Mtani wangu Myao akanong'ona, "Subhanallah," akarudi nyuma hatua tatu.

Jua lilikuwa bado mkono mmoja kufika utosini fundi alipozungusha mpini wa kuwashia injini. Mara ya nne gari likakohoa, likawaka. Halafu akaligeuza. Alisema mafuta yake yanateremka yenyewe kutoka chini ya kiti, likiinua pua hayafiki. Basi likapanda mlima kinyumenyume, uso umeelekea Masasi, nasi tukilisukuma usoni. Nusu ya njia wale nyuki wakaanza kulegea. Fundi akaweka mawe kwenye magurudumu upande wa mteremko, akazibua nta, akanyoosha chungu. Hakuna aliyekuwa na mkojo, tulikuwa tumekauka kwa jasho. Nikamkumbuka mke wangu na tumbo lake. Ndipo mtani wangu akachukua chungu bila kumtazama mtu, akaenda nyuma ya mti, akakaa huko muda mrefu, akarudi nacho kimejaa.

Hakuna aliyemcheka. Tukafika Newala jua likingali juu.

Mzungu alitimiza neno. Alisimama akishikilia gari kwa ile homa yake, akasema watu wa Masasi na Newala nendeni. Akamgeukia fundi, akamwambia, "Wewe utakuja na gari mpaka mtoni. Hakuna mwingine anayelijua." Fundi akajibu ndiyo, bwana. Mimi nikabaki nimesimama, maana niliona kwamba sote tumeokoka na Ruvuma isipokuwa yeye aliyetuokoa.

Mzungu akaenda kulala. Fundi akalizima gari, akafuta mikono kwa majani, akatazama visanduku vyake vinne kidogo. Kisha akashika njia inayoshuka upande wa mashariki, ya kwenda pwani. Alinipita karibu hivi.

Nikamwuliza, "Unakwenda wapi, fundi?"

"Nakuja," akasema.

Hakukimbia wala hakugeuka. Alikwenda kama mtu aendaye kwa jirani, akaingia kwenye vichaka, na hakurudi.