Mgongo wa Babu

Juzi nilikwenda Hayes kukabidhi funguo za flati ya marehemu mjomba. Nilitoka zamu ya usiku hospitali, miguu imevimba, nikapanda basi nikalala hadi nikapitiliza kituo. Nilipofungua mlango, harufu ya tapentaini ikanipiga usoni, na mimi, mtu mzima mwenye mvi, nikasimama pale mlangoni nikihisi nina miaka saba na nimechelewa chai. Jamani, harufu haina adabu. Haikuulizi kama umechoka.

Nikueleze basi, maana wewe huenda hukumjua. Mjomba alikuwa mchoraji. Alichora watu, farasi, na shughuli kubwa kubwa: meya akitawazwa na mnyororo wake shingoni, askari wa farasi kwenye gwaride, harusi za wenye nazo. Alianza kwa kuandika vibao vya mabucha ya Edgware Road, huku kwa Waingereza, akitia na picha ya mbuzi kando. Mgeni mmoja wa Ghuba akampenda yule mbuzi. Akamwuliza, "Farasi waweza?" Mjomba hajapata kushika farasi maisha yake. Akajibu, "Naweza," kisha akenda kusimama mvua nzima nje ya kambi ya askari akiwatazama wakipita. Ndivyo alivyoanza kula mkate wake.

Sote tulikaa naye, mimi, mama na bibi, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Bibi alikuwa mama yake mjomba na mama yake mama. Asubuhi kulikuwa na chai ya maziwa yenye iliki, mkate wa kumimina uliobaki jana, na hita ya mafuta ya taa iliyotuumiza macho. Kazi yangu ilikuwa kuosha brashi kwenye beseni la tapentaini. Kazi ya bibi ilikuwa kuzifunika picha. Yeye hakusali mbele ya sura ya kiumbe, na kuzihamisha hakuweza, nyumba yenyewe kama kiganja. Basi adhana ya redio ikilia, huchukua kanga zake akamfunika meya, akamfunika bwana harusi, akamfunika farasi mpaka kwato. Mjomba hujiweka kando na brashi yake mdomoni. Sala ikisha, bibi huzikunja kanga zake huku akimtazama yule meya anavyong'ara, akasema, "Uzuri wa mkakasi." Hamalizii, mwenyewe unajua.

Nyumbani mwetu hamkuwa na picha hata moja ya mtu wetu. Zile za Unguja zilibaki ukutani siku bibi na wanawe walipotoka, baada ya Mapinduzi, na nyumba ikapata wenyewe wengine. Babu alitoka asubuhi moja katika siku zile kwenda kutazama kuna nini mjini, hakurudi. Mama alikuwa bado wa kubebwa. Mjomba alikuwa ndiyo kwanza anaanza chuo cha Kurani. Hayo hayakuzungumzwa kwetu. Ukiuliza, unapewa kitunguu umenye.

Sasa, mwaka mmoja wa baridi kali, tumekaa tunakula, bibi akaweka tonge sahanini akasema, "Sura ya baba yenu imenitoka."

Mama akamwambia, "Mama, umechoka tu."

"Sikuchoka. Tangu Ijumaa namtafuta, simpati. Sauti ninayo, harufu ya kanzu yake ninayo. Uso sina." Kisha akamgeukia mjomba, yeye bibi huyu wa kufunika farasi kwa kanga, akasema, "Weye si unachora watu wa watu? Nichoree wangu."

Kazi zote za waungwana wale mjomba alizikubali bila kutikisika, na hii ya mama yake aliiogopa. Aliacha farasi wa tajiri mmoja hana miguu ya nyuma, akakaa na bibi kila alasiri. Bibi anaeleza, yeye anachora. Pua hivi, hapana, nyembamba kidogo. Nyusi zimekutana. Mimi na beseni langu natazama.

Picha ya kwanza bibi aliitazama akacheka hasa. "Huyu muuza nyama wa hapo mtaani!" Ya pili akaisogeza kando. Ya tatu akakasirika. "Umenichorea meya! Mume wangu hakuinua kidevu namna hii. Nani alimwambia ainue kidevu?"

Ndipo mjomba alipojua kilichompata. Miaka yote alilipwa kumtukuza mtu: mnyooshe mgongo, mpandishe kidevu, mtie nuru machoni. Mkono ukazoea. Kila akimwendea baba yake, mkono unamvisha cheo. Na yeye mwenyewe uso ule hakuwa nao. Alimwambia mama jikoni, nami nasikia, "Dada'ngu, namchora mtu nisiyemjua." Wala mama si dada yake mkubwa, ni mdogo wake, lakini siku ile alimwita hivyo, na mama akamshika bega wakasimama hivyo mpaka mchuzi ukashika chini.

Baada ya hapo hakumwuliza bibi tena. Alijifungia. Kilichotoka kilikuwa asubuhi ya Idi, njia nyembamba, wanaume wakenda msikitini. Mbele yupo mmoja wa kanzu nyeupe, bega la kushoto limeshuka kidogo, kofia imekaa nyuma, kisigino kinachomoka kwenye kiatu. Anatupa mgongo. Mjomba alikuwa akimfuata nyuma kila Idi, na kutoka nyuma ndivyo alivyomjua. Zaidi ya hapo hakuwa na kitu.

Akamletea bibi. Bibi alivaa miwani. Hakucheka. Aliitazama mpaka birika likachemka nikaenda kulizima.

"Ndiye," akasema. "Wallahi ndiye. Hicho kiatu nilimwambia akakishoneshe." Akaigusa picha kwa kidole, rangi haijakauka. Kisha akamwambia mwanawe kwa sauti ya upole ambayo sijamsikia nayo kabla wala baada. "Mwambie ageuke, mwanangu."

Mjomba akasema, "Siwezi, mama."

Bibi akavua miwani. "Basi. Muache ende."

Bibi hayupo. Mama hayupo. Lile duka la vitambaa sasa wanauza simu. Farasi wa mjomba wako kwenye kumbi za watu ambao hata jina lake hawalijui, na mimi nimechoka, ndugu yangu, nimechoka kuwa wa mwisho mwenye kukumbuka nani ni nani. Kutoka Hayes nilichukua picha ile moja tu, nikaitundika sebuleni kwangu Woolwich.

Mjukuu wangu wa miaka minne akaja akaisimamia. Kiswahili anakisikia, kujibu ni Kiingereza. Akauliza yule ni nani, nikamwambia ni babu yake mama yangu mkubwa, nikachanganya, nikasema tu ni babu yetu. Akauliza anakwenda wapi. Nikamwambia anakwenda kusali Idi.

Akafikiri. Akauliza atarudi saa ngapi.

Nikakaa kitini na koti langu mwilini, nikalia kama niliyefiwa asubuhi ile.