Siku Bibi Alipoomba Kula

Wiki moja kabla ya mapinduzi ya Unguja, bibi yangu alikula chakula cha mchana peke yake jikoni, nyuma ya kanga iliyotundikwa kwenye kamba. Ndivyo alivyokula siku zote. Nilikuwa na miaka tisa, nikataka kuchungulia, mama akanipiga kofi la mgongo, yakaisha.

Bibi huyu, mzaa baba, alikuwa suria. Babu, Mwarabu mwenye shamba la karafuu, alimnunua angali msichana, ametolewa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Shangazi zangu, watoto wa mke wa ndoa, walisema anajificha kwa sababu anaona haya kula mbele ya mabwana zake. Mara moja tu, akinisuka nywele, aliniambia kwamba kwao mtoto wa mfalme hatazamwi akila. Shangazi waliposikia walicheka mpaka wakashika mbavu. Kila aliyenunuliwa, walisema, kwao alikuwa mtoto wa mfalme.

Babu alikuwa ameshafariki. Pale shamba tulikaa baba, mama, bibi na mimi. Redio ilipotangaza kwamba serikali imepinduliwa, baba aliifunga nyumba, akatuingiza mimi na mama kwenye ghala la karafuu, naye akaingia. Jirani yetu na wanawe walikuwa wameuawa asubuhi ile. Baba alijua wauaji hao wakimpata hatasalimika.

Ghala lilikuwa na mlango mmoja, nao ulitazama uani. Bibi alikataa kuingia. Alikaa kwenye kibao chake nje, sufuria ya muhogo mbele yake.

Wakaja.

Niliwaona kupitia ufa wa mlango. Walikuwa vijana wenye mapanga, na mtu mzima mmoja mwenye bunduki. Huyu nilimjua kwa sura. Alikuwa mchumaji wa karafuu kutoka bara, pande za Ziwa Tanganyika, aliyekuja kila msimu.

Alimwambia bibi, kwa adabu, kwamba wamekuja kumkomboa. Hapa si kwake, wala hawa si watu wake. Kisha akamuuliza mwanawe yuko wapi.

Mama aliniziba mdomo.

Bibi alisema maneno kwa lugha ambayo sikupata kuisikia kinywani mwake. Maneno machache tu, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani.

Yule mtu aliweka bunduki chini. Akapiga magoti, akapiga makofi ya taratibu, kama anayemwamkia mkubwa.

"Nna njaa," bibi akasema, sasa kwa Kiswahili. "Nipeni nafasi nile, kisha ntakujibuni."

Mchumaji akasimama. "Geukeni," akawaambia vijana. "Tazameni njiani. Huyu haonwi akila."

Mmoja alicheka. Mchumaji alimkazia macho, naye akageuka. Wote wakatupa mgongo, hata yeye.

Bibi akafunua sufuria. Alikigonga kile kifuniko kwa kelele nyingi, yeye ambaye maisha yake yote alikula bila hata kijiko kusikika.

Baba alielewa. Alinibeba, akamshika mama mkono, tukatoka.

Tulipita nyuma ya migongo yao. Bibi alikuwa akitutazama huku akitafuna. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho nilipomwona anakula, na baba alikuwa analia bila sauti.

Tukaingia kwenye mikarafuu.

Tulifika Dar es Salaam, na baada ya miaka mingi tukapokelewa hapa Maskati. Habari za bibi tulizipata kwa shangazi mmoja aliyebaki. Vijana walipolikuta ghala tupu walimpiga yule mchumaji. Bibi hawakumgusa. Alikufa kabla ya msimu wa karafuu, na aliyemzika ni mchumaji yuleyule.

Nimewachukia wale vijana kwa miaka mingi, na baadhi yao nnawachukia mpaka leo. Lakini hawakuwa wao waliomtoa bibi kwao. Nyumba waliyoivamia ndiyo iliyomnunua, na mimi nimelelewa humo, nimeshiba humo. Sijui namna ya kuyapima haya mawili, na mizani sina.

Mwezi uliopita tulipokea posa ya mjukuu wangu, nyumbani kwetu Bawshar, hapa hapa Maskati. Wazee wa bwana harusi waliuliza asili yetu, na mwanangu akawatajia babu mmoja baada ya mwingine mpaka Nizwa, mji wa wazee wa babu. Wakaridhika, kahawa ikanywewa.

Walipoondoka, mjukuu wangu aliniuliza, "Na yule bibi wa shamba, bibi, alikuwa bint nani?"

Nikamwambia alikuwa bint wa mfalme.

"Mfalme nani?"

Baba aliingia kaburini akilitafuta jina hilo. Bila shaka bibi alilitaja siku ile pale uani, kwa yule mchumaji. Nilikuwa hatua chache tu, na masikio yangu mazima. Nililisikia, na sikulijua.