Mgonjwa Getini

Mama Mashuka alipofika kwenye yadi ya magari, mlinzi alikuwa bado anapiga mswaki. Hakumsalimia. Alikiegesha kigari chake cha mizigo katikati ya geti, pua ndani, mkia nje, akavuta hendibreki, akazima injini na kushusha beseni lake la mashuka mabichi.

"Mama, hapo ndipo magari yanapita," mlinzi alisema, povu mdomoni.

"Najua."

Akaanza kuanika kwenye uzio. Yalikuwa mashuka ya nyumba za wageni, na ilikuwa lazima yakauke, yadi au si yadi.

Majirani waliokisukuma kigari hicho alfajiri walikuwa wamekibatiza jina, Mgonjwa. Kikiwa na joto, kilikimbia vizuri kuliko magari mapya. Kikipoa, ungezungusha ufunguo mpaka kidole kiote sugu, hakikohoi hata kidogo. Siku aliyokuja kukinunua kiliwaka kwa mguso mmoja, naye akapiga vigelegele kama mjinga. Baadaye muuza chai wa ng'ambo ya barabara alimwambia jambo ambalo mtaa mzima ulilijua: kila asubuhi, kabla wateja hawajafika, vijana wa yadi huyasukuma magari mabovu na kuyazungusha uani yapate moto.

Kile kigari kilikuwa ni kiwanja cha marehemu mama yake. Alikiuza kiwanja ili shingo yake ipumzike kubeba mafurushi. Sasa kiwanja hakuna, gari hakuna, na shingo ni ile ile. Kila alipokuja kudai alipewa jibu moja: gari likishatoka getini, si la yadi tena.

Mwenye yadi alifika jua limeshapanda. Watu walimwita Tabasamu, maana alicheka na kila mtu mpaka apokee pesa. Nyuma yake alisimama mwalimu mmoja aliyekuja kuchukua gari alilolipia nusu, na ambalo lingepita geti lile lile.

"Dada yangu, karibu! Mbona umetufungia njia?"

"Mimi si dada yako. Ulisema gari likitoka getini si lako. Hili halijatoka. Liko hapo hapo getini. Nirudishie pesa yangu."

"Hili gari ni zima kabisa, mama. Wewe ndiye hujui kulibembeleza."

"Ala! Basi libembeleze wewe." Akamtupia ufunguo.

Tabasamu aliingia, akazungusha. Kimya. Akazungusha tena, akapiga usukani kofi. Muuza chai alikuwa ameshavuka barabara na birika lake, anacheka waziwazi.

"Vijana! Sukumeni!"

Mama Mashuka akasimama mbele ya boneti, shuka likimchuruzikia maji kwenye kiwiko. "Asiguse mtu! Gari zima halisukumwi, wala halizungushwi uani kila asubuhi. Limesukumwa mtaani kwangu mpaka watoto wameligeuza mchezo. Leo liwake lenyewe, au mnipitie juu."

Vijana wakatazamana. Hakuna aliyesogea.

Mwalimu alikohoa kidogo. "Samahani, bosi. Na lile langu, leo asubuhi nalo mmelizungusha?"

 Tabasamu akashuka na kumvuta mama pembeni, lile tabasamu limeyeyuka.

"Sikiliza, mama. Nitakupa, ila siwezi kukupa yote. Shemeji yako alichukua kamisheni yake hapa hapa, siku ile ile. Fungu zuri tu. Kamdai yeye."

Shemeji, mdogo wa marehemu mumewe! Ndiye aliyemwambia asipoteze pesa kumlipa fundi wa kukagua, kwa kuwa yeye na magari ni ndugu. Ndiye aliyekula nyumbani kwake jioni ile, akaomba aongezewe. Mama Mashuka alilikamua lile shuka mikononi mpaka tone la mwisho.

"Ya kwako nipe," alisema hatimaye. "Hapa, mbele ya mwalimu. Na uhesabu kwa sauti."

Tabasamu akahesabu, mwalimu akisikiliza kila noti. Noti ya mwisho ilipomfikia, mama alizifunga zote kwenye ncha ya khanga, akausogelea uzio na kuyaanua mashuka moja moja. Mengi yalikuwa bado mabichi. Akayafunga furushi, akajitwika; lilikuwa zito kuliko siku zote, na shingo ikalalamika kama kawaida yake.

"Unaenda wapi na maji yote hayo?" muuza chai aliuliza.

"Kwa shemeji. Mlango wake unatazama jua, na leo hatatoka wala kuingia mpaka haya yakauke. Yakikauka kabla hajalipa, nitayalowanisha tena."