Mtihani wa Sauti Mbili

Mpaka leo nasikia vyuma vya kitanda vikigongana juu ya pusupusu, mkokoteni wa kusukuma kwa mikono. Ilikuwa asubuhi, siku za vita, mtaani kwetu Katuba, jirani zetu wa Kasai, waliokuwa wanawindwa kwa kabila lao, wanahama kwenda kambi ya wakimbizi. Klang, klang, barabara nzima. Kitanda tu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kike, bado kijana, wa shule ya msingi, kichwa kimejaa ndoto. Siku za kazi nafundisha hesabu, Jumamosi naenda mjini kwa mupe, padri mzungu aliyetufunza namna ya kufundisha muziki. Nilikuwa nimebakiza jambo moja tu ili anipeleke kwenye masomo ya juu: kuleta watoto wa darasa langu mbele yake na kuwaongoza katika wimbo wa sauti mbili. Sharti lake tulilijua wote. Mwalimu anaongoza kwa mikono, mdomo unafungwa.

"Mwalimu akiimba," alizoea kusema, "siko nasikia batoto. Niko nasikia mwalimu."

Sasa, sauti ya pili, ile ya chini, karibu yote ilikuwa ya watoto wa Kasai. Sikuwapanga kwa kabila, jamani! Walikaa mtaa mmoja, walizoea kuimba pamoja kanisani, basi nikawaacha pamoja. Vitanda vilipoondoka, sauti ya pili ikaenda navyo. Nikawafunza wengine haraka haraka, lakini kila mara waliteleza na kufuata wenzao wa juu.

Siku ya mtihani tulienda kwa miguu. Kabla ya kuingia mjini, basoda, wale askari wa vita, wakatusimamisha kwenye kizuizi, bunduki mkononi.

"Munaenda wapi?"

"Mjini, baba. Batoto beko na examen ya kuimba."

Yule soda akacheka. "Vita iko, na weye uko naimbisha! Beko kabila gani?"

Msichana mmoja, ambaye mama yake ni wa Kasai, alinishika sketi kwa nyuma.

"Ni batoto ba masomo yangu," nikasema.

"Kama ni kweli, baimbe."

Nikainua mikono. Wakaanza vizuri, kisha sauti za chini zikatetemeka, zikapotea. Soda wa pili akasogea. "Wimbo gani huu, nusu nusu?"

Basi nikafungua mdomo, nikashika ile sauti ya chini mwenyewe. Watoto wakanitazama, wakanifuata mmoja mmoja, wimbo ukasimama. Soda wa kwanza akawa anapiga kiatu chini, taratibu, kufuata wimbo.

"Mupite, mama. Mupite mbio!"

Mbele ya mupe watoto walikuwa bado wanageuka kutazama mlango. Tulipofika pale pale pa kupotea, macho yote yakaja kwenye mdomo wangu. Yule msichana alifungua wake, hakikutoka kitu. Nikaimba.

Mupe akaweka kalamu chini. "Mwana yangu, umeimba."

"Ndiyo, mupe. Kule njiani basoda..."

"Ninajua, si rahisi. Lakini nilisikia weye. Batoto, sikubasikia." Aliongea kwa upole, na hiyo ndiyo iliniuma. "Urudi Jumamosi. Ukiimba tena, sitakupeleka."

"Na kama barabara imefungwa?"

Akatazama dirisha. Ndege ilikuwa inapita kutoka uwanja wa Luano, na siku zile hakuna aliyejua ni ya nani.

Wakati wa kurudi, yule msichana akaniuliza: "Mwalimu, kosa ni yetu?"

"Hapana. Ni mdomo yangu, inapenda kujionyesha."

Wakacheka mpaka Katuba. Nilipowarudisha wote kwa wazazi, nikaingia darasani peke yangu, nikafunga mlango. Nikachota maji kwenye ndoo, nikajaza mdomo mpaka mashavu yakavimba. Kisha nikasimama mbele ya mabenchi matupu, nikainua mikono, nikaongoza wimbo wote, mwanzo mpaka mwisho, bila kumeza na bila kumwaga.