Makamasi ya Ukoo

Vitalia alizaliwa na kinyaa. Akiwa msichana, katika shule ya misheni Kigonsera, alishinda na njaa siku nzima kwa sababu mpishi alipiga chafya juu ya sufuria ya maharage, na yeye peke yake ndiye aliyeona. Alipoolewa huku juu kwenye mashamba ya kahawa, mawifi hawakukawia kumpa jina: Mama Kinyaa. Akalizoea. Akazaa, akafiwa na mume, akaozesha, na miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, mkamwana wake Aurelia, mke wa mwanawe Antoni, akajifungua mtoto wa kike, mwembamba, mwenye kidevu cha babu yake marehemu.

Kilichomtia Vitalia hofu ni mwezi aliozaliwa mtoto. Julai milimani Umatengo ukungu unalalia mashamba hadi jua lipate nguvu. Watu hujifungia ndani na moto wa kuni, madirisha yamezibwa kwa magunia, na kikohozi cha mmoja hakina pa kwenda ila kwenye kifua cha mwenzake. Mwaka ule mafua yaliwakumba wachumaji wa kahawa wote. Vitalia hakuweza kuyafumbia macho: vishikio vya ndoo vinavyonata, migongo ya mikono inayong'aa kama njia ya konokono, wanaume wanaobana tundu moja la pua na kupengea la pili barabarani, kisha mkono ule ule unanyooshwa: "Shikamoo, mama." Aliitikia marahaba mikono yake ikiwa nyuma ya mgongo.

Muuguzi wa zahanati, aliyemzalisha Aurelia, alikuwa amewaambia wazi. Mafua haya kwa mtu mzima ni homa, maumivu ya mwili na kitanda. Kwa kichanga yanaweza kuwa kaburi. Anayeumwa asimshike mtoto. Kila mtu anawe kwa sabuni. Akihema haraka, mbavu zikibonyea, au akikataa ziwa, wasingoje kesho.

Jumapili ikafika, na sengu. Ndivyo Wamatengo wanavyoita ule mlo wa pamoja: kila nyumba inaleta chungu chake, ukoo unakula, na mambo ya ukoo yanasemwa hapo hapo. Katika ukoo ule beseni moja la maji lilizunguka kabla ya kula, mkubwa akinawa kwanza na wadogo mwisho, maji yale yale. Siku hiyo mtoto alipaswa kuonyeshwa, apite paja kwa paja mpaka kila mzee ampakate.

Mzee Bernadi, kaka mkubwa wa marehemu mumewe Vitalia, alikuja akivuta kamasi kama mtu anayekunywa uji wa moto. Alijipangusa kwa kiganja, akanawa, akasukuma beseni. Maji yakabaki na utelezi juu yake.

"Haya, mleteni mjukuu wangu," Bernadi alisema.

"Mtoto hatoki, shemeji."

Vijiko vya mboga vikasimama. Kumficha mtoto siku ya sengu kuna maana moja tu, na kila mtu aliijua.

"Kwa hiyo sisi ni wachawi?"

"Sijasema uchawi. Nimesema hatoki. Mnaumwa."

"Hii ni baridi tu!" alidakia Stephano, mpwa wa Bernadi, aliyekuwa amefungua duka la dawa Mbinga tangu kila mtu aruhusiwe kufungua duka. Alitoa mfukoni vidonge vya rangi mbili, vimeshikamana na vumbi la tumbaku, akalamba kidole ili avitenganishe. "Shangazi, fungua kimoja hiki, umlambishe unga kidogo. Mafua hayamgusi."

"Mlambishe mama yako."

Watu wakacheka. Bernadi hakucheka.

"Mkono mmoja haulei mwana, Mama Antoni."

"Na mingi yenye makamasi humzika."

Bernadi alifungua mdomo kujibu, na badala ya neno ikatoka chafya, nzito, yenye mvua, juu ya ugali wa watu wote. Akapangusa ndevu. Kisha akamega tonge, na wengine wakamega. Chungu cha Vitalia hakuna aliyekigusa. Alikibeba kichwani kurudi nyumbani kikiwa kimejaa, huku nyuma yake kichanga cha Winifrida, jirani yao wa ukoo ule ule, kikipakatwa paja kwa paja kwa niaba ya yule aliyefichwa.

"Umetuaibisha, mama," mwanawe Antoni alimwambia. Siku ya pili yake alikuwa anatetemeka kwa homa. Vitalia akamfukuzia kwenye ghala la mahindi, na humo akampa parasetamoli, maji ya moto na uji. Vidonge vya Stephano, ambavyo Antoni alirudi navyo, akavitupa chooni. Aurelia naye alipoanza kukohoa, alijifunga kitambaa safi puani na mdomoni, akanawa, akaendelea kunyonyesha kama muuguzi alivyosema. Vitalia alikaa juu ya mtoto kama kuku, akitazama mbavu. Asubuhi moja mtoto akapiga chafya. Vitalia alimvua nguo zote kwenye mwanga, akahesabu pumzi. Pumzi ilikwenda taratibu. Mtoto akatafuta ziwa, akanyonya kwa hasira.

Mtoto wa Winifrida alilazwa Mbinga, kifua kimebana. Alirudi hai, amebaki macho na mifupa.

Ndipo Bernadi akaja, amekonda, kikohozi kimekwisha. Hakuomba radhi, hakulelewa hivyo.

"Nimekuja kumwona mjukuu."

Vitalia alimmiminia maji mikononi mlangoni, akampa sabuni.

"Unaninawisha kama mwenye ukoma."

"Sugua na katikati ya vidole, shemeji."

Akasugua. Akaketi, akapakatishwa mtoto, akamtambua kidevu, na macho yake yakalowa. Vitalia hakuyaona hayo macho. Alikuwa ameinama karibu, kanga mkononi, anaitazama pua ya mzee.