Ng'ombe wa Kakiika na Farasi wa Fergana

Nilitoka Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, kwa sababu ya mapenzi. Si yangu, ya mwanangu Eliya. Baba wa msichana, Mzee Gasore, mfugaji wa kwetu Kivu ya Kusini, alikataa mbuzi, akakataa pesa. Alitaka mtamba wa pembe ndefu. Bila huyo, harusi hakuna. Mimi muuza vitenge, ng'ombe namjua kwenye sahani.

Asubuhi, juu ya lori la matoke, jirani yangu Mwalimu Dieudonné, aliyefundisha historia kule nyumbani, alinisimulia habari za mfalme wa China ya kale. Huyo alisikia kwamba Fergana, ng'ambo ya jangwa, kuna farasi wasio na mfano. Akatuma wajumbe na sanamu ya farasi ya dhahabu. Wenyeji wakasema hawauzi. Wajumbe wakatukana, wakaivunja sanamu, njiani wakauawa. Mfalme akatuma jeshi. Miji ya chemchemi jangwani ikalifungia malango. Likarudi mifupa mitupu. Akatuma jeshi kubwa zaidi, likaukatia mji maji, hadi wakubwa wa mji wakamuua mfalme wao wenyewe.

“Bakapata farasi ngapi?”

“Bazuri kabisa? Makumi tu.”

“Vita yote ile juu ya kushindwa kupatana bei! Bangenituma mie.”

Mchana tukafika Kakiika, kwa wafugaji wa ng'ombe wa pembe ndefu. Mwenye zizi, mzee wa Kinyankore, alitukaribisha maziwa. Ng'ombe walipopita nikafanya kama sokoni: nikanyoosha kidole, nikahesabu, nikarudia kuanzia mwisho.

Mzee akaweka kikombe chini. “Ssebo, wewe nahesabu ng'ombe yangu? Wewe nataka ikufe yote?”

“Nahakikisha tu, mzee, kabla ya bei...”

“Hapa hakuna ya kuuza. Maliza maziwa, rudi Nakivale.”

Mwalimu akaninong'oneza: “Ndugu, sanamu ya dhahabu umeisha kuivunja.”

Jioni, Nakivale, nilimweleza Gasore. Akashika kichwa. “Ulihesabia mutu ng'ombe zake? Na kidole? Mara mbili?” Akacheka hadi akakohoa. Kesho yake akachukua fimbo yake na pesa yangu, akaenda Kakiika mwenyewe. Alilala huko, akinywa maziwa na kusifu pembe, bei hakuitaja mpaka mwenyeji alipoitaja. Akarudi na mtamba. Ndivyo baba wa bibi harusi alivyojifuatia mahari.

Siku ya harusi nilimkabidhi mtamba mbele ya wazee. Gasore akamzunguka kana kwamba hajawahi kumwona, akakunja uso.

“Pembe zingekuwa ndefu kidogo.”

Jibu lilinifika kwenye meno. Nikalimeza. Hilo ndilo nililojifunza safarini.