Shangazi na Mashine Isiyo na Mota

Shangazi yangu alikwenda chuo kusomea uhandisi wa mitambo kwa sababu ya ngumi.

Kabla ya hapo alikuwa fundi cherehani kwa miaka mingi. Cherehani yake kubwa ilikuwa na tabia ya kugoma, na kila ilipogoma aliitwa mtengenezaji, mwanamume mwembamba asiyependa salamu. Huyo hakuwahi kufungua hata skrubu moja. Aliizunguka cherehani, akainama kama anayenong'onezwa siri, kisha akaipiga ngumi ubavuni. Cherehani ikaanza kushona. Shangazi alipoipiga mwenyewe, tena pale pale, ilizidi kununa.

"Kwa nini ngumi yako inafanya kazi na yangu haifanyi?" alimwuliza siku moja.

"Mama, hayo ni mambo ya kitaalamu," mtengenezaji akajibu, akabeba mkoba wake akaondoka.

Basi Shangazi akaamua kuufuata utaalamu huko unakokaa. Akarudia mitihani ya sekondari ya hesabu na fizikia, akafaulu, akaomba nafasi chuoni. Mimi nami nilikuwa nimemaliza shule mwaka huo huo, kwa hiyo tukajikuta tumeketi dawati moja, mimi na dada wa baba yangu, tukinakili milinganyo ya joto. Haukupita muda darasa zima likawa linamwita Shangazi, hata mhadhiri mmoja aliyemzidi umri.

Profesa wa mekanika alipomaliza muhadhara wake wa kwanza na kuuliza kama kuna swali, Shangazi alinyoosha mkono.

"Profesa, ngumi tutaifikia lini?"

"Ngumi gani?"

Akamweleza. Profesa alifikiri kwa muda mrefu kuliko adabu inavyodai, akasema hilo labda ni la mwaka wa pili, kwenye mitetemo. Mwaka wa pili, mwalimu wa mitetemo akasema hapana, hilo ni la msuguano, asubiri mwaka wa tatu. Shangazi akasubiri. Lakini mwaka wa tatu ulikuwa pia na somo la karakana, na hapo ndipo mguu wake ulipoteleza.

Karakana yetu ilikuwa na mashine moja ya kukereza vyuma. Mashine hiyo hukibana kipande cha chuma kwa taya zake na kukizungusha kwa kasi, nawe unasogeza kisu taratibu mpaka chuma kiwe chembamba kama unavyotaka. Hivyo ndivyo ilivyo ikiwa na mota. Mota ya mashine yetu iliungua kabla hatujafika chuoni, na nyingine ilikuwa imeagizwa.

"Iko njiani," alisema Fundi Mkuu, msimamizi wa karakana, kila alipoulizwa, huku akitazama mlango.

Mpaka ifike, tulifanya kilichoitwa mazoezi makavu. Mwanafunzi alivaa ovaroli na miwani ya kinga, akabana chuma, akabonyeza kitufe cha kijani, kisha akanguruma kwa mdomo: "Nguuuuu!" Akasogeza kisu kando ya chuma bila kukigusa, akaishusha sauti, akabonyeza kitufe chekundu na kutangaza kipenyo alichopata. Alama zilitolewa kwa utaratibu, usalama na sauti. Aliyesahau kitufe chekundu aliambiwa kwamba amekatwa kidole, akatolewa nje kukaa kwenye benchi la majeruhi. Mimi nilifaulu vizuri sana. Ngurumo yangu, Fundi Mkuu alisema, ilikuwa na afya.

Zamu ya Shangazi ilipofika, alibonyeza kitufe cha kijani, akafunga mikono kifuani.

"Shangazi, washa mashine," Fundi Mkuu akasema.

"Nimewasha. Haiwaki."

"Nguruma basi!"

"Fundi, chuma hiki kina milimita arobaini. Nikinguruma mpaka jua lizame kitabaki na arobaini. Nikikwambia sasa ni thelathini, nitakuwa nimesema uongo mbele ya chuma."

"Chuma hakina masikio, Shangazi."

"Mimi ninayo."

Akapewa sifuri.

Sheria ya chuo haikuwa na huruma: atakayeanguka somo la karakana mara mbili anafukuzwa bila shahada. Shangazi alibakiwa na nafasi moja, mtihani wa marudio mwishoni mwa mwaka wa nne. Nyumbani kwake cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, na wateja walikwisha kuhamia kwa wengine. Akifukuzwa, angerudi kule kule kwa mtengenezaji na ngumi yake, na safari hii mtengenezaji angekuwa anajua kwamba alikwenda kuutafuta utaalamu akarudi mikono mitupu.

Baba yangu alimwita akamkalisha.

"Dada, nguruma tu. Kwani kunguruma ni kiapo?"

Shangazi alijifunga kibwebwe. Alibandika vifuniko viwili vya chupa ukutani jikoni, kimoja cha kijani na kingine chekundu, akawa ananguruma akiosha vyombo na akimenya viazi. Baada ya miezi michache uliweza, ukiwa sebuleni, kujua kama anakereza shaba au chuma kigumu. Kila kazi aliimaliza kwa kifuniko chekundu. Siku moja Baba aliingia jikoni kuchukua maji kabla hakijabonyezwa.

"Rudi mlangoni!" Shangazi akafoka. "Unataka kuniachia mkono wako humu?"

Baba akarudi mlangoni, akasubiri izimike.

Siku ya mtihani tulimsindikiza, tukajipanga madirishani. Fundi Mkuu alikuwa amesimama kando ya mashine, uso umempauka kama aliyefiwa.

"Imefika," alisema kwa sauti ndogo. "Mota. Imefungwa jana."

Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kuiona mashine ile ikizunguka. Wa kwanza kuingia alikuwa kijana mwingine wa marudio tuliyemwita Mwamba, mwenye kifua kama pipa. Alibonyeza kitufe cha kijani, mashine ikanguruma yenyewe, naye akapiga ukelele, akatoka mbio na kwenda kuketi kwenye benchi la majeruhi bila kuambiwa na mtu. Fundi Mkuu akaizima mashine.

Kisha akaingia Shangazi. Mtahini, mzee nadhifu wa chuo kingine aliyevaa tai ndefu, alimkaribisha kwa kichwa. Shangazi akavaa miwani, akabana chuma, akabonyeza kijani. Mashine ikanguruma. Shangazi naye akanguruma.

"Mama," mtahini akasema, "mashine inajitosheleza."

"Ndiyo, mzee. Nguuuuu!"

Kisu kiligusa chuma, na nyuzi za chuma zikaanza kujisokota na kuanguka sakafuni. Fundi Mkuu alizitazama huku machozi yakimlengalenga. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, hadi umeme ulipokatika.

Taa zikazimika. Feni ikasimama. Mashine ikanyamaza. Shangazi hakunyamaza. Aliendelea kusogeza kisu, akanguruma mpaka mwisho wa kazi, akaishusha sauti polepole kama alivyozoea jikoni, akabonyeza kitufe chekundu. Madirishani tulicheka hadi tukashikana mabega.

"Kipenyo?" mtahini akauliza, akijizuia.

Shangazi akapima.

"Kwa umeme ni thelathini na nne. Kwa mdomo ni thelathini."

Mtahini akasogea kuhakikisha. Aliinama juu ya mashine, na tai yake ikateremka ikajilaza katikati ya taya. Wakati huo huo umeme ukarudi. Taa zikawaka, feni ikaanza kuzunguka, redio ya ofisi ya jirani ikaropoka. Mashine peke yake ilikaa kimya.

Hakuna aliyecheka. Mtahini aliivuta tai yake taratibu sana, kama mtu anayemtoa nyoka mtungini, akaichomeka ndani ya shati.

"Mama," akasema, "mbona ulizima mashine iliyokwisha kuzimika?"

"Mzee, mashine niliyofundishwa mimi ilikuwa imezimika siku zote. Na kila siku tuliizima."

Mtahini akamtazama Fundi Mkuu. Fundi Mkuu akatazama mlango.

"Malizia," mtahini akasema, akarudi nyuma hatua kadhaa.

Shangazi akawasha, wakanguruma wote wawili, na safari hii kipenyo kikawa thelathini bila maelezo. Akafaulu. Fundi Mkuu aliomba aongezewe alama za sauti, akaambiwa hazimo katika mtihani huo, akahuzunika.

Tulihitimu pamoja. Mimi bado natafuta kazi. Shangazi alipata kabla yangu. Mota mpya iliungua muda mfupi baada ya mahafali, nyingine imeagizwa na iko njiani, na idara ilihitaji mtu wa kuongoza mazoezi makavu. Ameajiriwa kuwa mkufunzi msaidizi. Huwaambia wanafunzi wangurume wapendavyo, lakini wakiulizwa kipenyo waseme arobaini.

Na ile ngumi? Nilimwuliza juzi. Amesoma mitetemo, amesoma msuguano, ameifungua cherehani yote na kuifunga tena, na bado hajui. Hilo, anasema, litakuwa la shahada ya pili.